Aparei ya meno inatokaka wapi? Maswali yenye batu bananiulizaka ku labo

Siku moya mama moya alipanda ku labo yetu hapa Bukavu, mvua iko inanyesha, ana kitambaa mu mukono, anakifungua polepole sawa mutu mwenye kubeba mayai. Ndani muko aparei ya meno ya juu, njo kusema meno ya bandia, imevunjika mbili katikati, na pale ilipovunjika koli (gundi) imekauka, nyeupe. Akasema: docta, nitengenezee, kesho kutwa naoza mutoto. Nikamujibu, mama, kwanza mi siko docta. Akaniangalia vile nimemutukana! Basi nikaona niandike hizi maswali mara moya, juu kila juma zinarudi zilezile.

Sasa kama hauko docta, uko nani?

Niko mekanisien dantisti, ku masomo banasemaka protezisti. Dantisti njo anaangaliaka mu kinywa, anatosha jino, anatibu, anachukua vipimo. Mi natengeneza kile kitu chenye kitaingia mu kinywa: aparei ya kutosha na kurudisha, kuroni, ni kofia ya kufunika jino moya, bridji ya kuziba pengo, aparei ya kunyoosha meno ya batoto, na ile gutiere, kifuniko cha meno cha batu benye banasaga meno usiku. Wagonjwa bengi siwaonake na macho. Kuko papa moya najua meno yake yote, najua fasi gani anatafuniaka zaidi, lakini tukikutana ku Nyawera tutapitana tu sawa bageni.

Yaya, dantisti anakutumiaka nini, kama hauone mugonjwa?

Vitu mbili, empranti na karatasi. Empranti ni alama ya kinywa chako, wanaichukua na alijinati, ni unga yenye wanakoroga na maji inakuwa sawa uji muzito, inashika mu kinywa kisha wanaitosha. Ndani muko maji mingi, kwa hiyo ikikaa ku hewa inakauka, inajikunja, na macho yako hayataona kitu. Inapashwa imiminiwe plasta haraka, mbele ya dakika 30 ni muzuri. Sasa fikiri empranti inatoka Panzi, imefungwa mu sashe bila kitambaa cha kulowana, motari ameshikwa na ambuteyaji, njiani amesimama kununua inite ya simu... ikifika kwangu ni kipimo cha mutu mwingine kabisa! Nitatengeneza muzuri sana, na haitaingia. Mugonjwa atasema mekanisien ni mubaya.

Tena ile empranti ina mate, siku zingine damu, na epatite B inapitaka mu damu. Ikifika inasukuliwa na kutiwa dawa mbele mutu aishike.

Ku karatasi muko namba. Mukubwa mwenye meno yote ana 32, tunayagawa mu mafungu 4, namba ya kwanza ni fungu, ya pili ni jino, unahesabu kutoka katikati. Jino 11 ni la mbele juu kuume, 36 ni gego kubwa la chini kushoto, 46 ni ndugu yake wa kuume. Kalamu ikiteleza ku 3 na 4, umetengeneza kuroni ya upande wenye hauna shida. Mi nikiwa na mashaka napiga simu, sioni haya.

Juu ya nini inachukua siku mingi hivyo? Jirani yangu alipata siku moya tu.

Kwa mutu mwenye hana jino hata moya, njia ni hii: empranti ya kwanza, namimina plasta, natengeneza kijiko cha kipimo chake yeye mwenyewe, dantisti anachukua empranti ya pili yenye iko sawasawa, natengeneza ukuta wa nta, anaurudisha mu kinywa kupima gisi taya ya juu na ya chini zinakutana, ninapanga meno mu nta moya moya, mugonjwa anajaribu, anacheka, anaongea, anasema hapa mudomo umejaa sana, ninarekebisha, kisha njo nta inatoka na resini, ile plastiki ngumu ya aparei, inaingia pa nafasi yake. Ile resini inapikwa. Njia ya polepole ni maji ya karibu digri 74, masaa 8 ao 9. Ukiipeleka mbio ku maji ya kuchemka inafanya matobo ndani sawa mukate, na mu yale matobo njo uchafu utakaa. Ikiiva unaiacha ipoe yenyewe, ukiimwagia maji ya baridi inapinda.

Sasa umeme ukienda saa tano za usiku katikati ya kupika, unafanya nini? Mi nilishalala ku labo na brazero ya makala na termometa, kila mara naongeza makala, napunguza. Delestaji iko ndani ya bei ya meno yako, jua hilo.

Nataka meno meupe pe, sawa ya batu ba televizio.

Dada, tutaongea. Kuko kipimo cha rangi, ile ya kawaida ina rangi 16, kutoka A1 mupaka D4. Dantisti anapashwa kuichagua karibu na dirisha, mu mwangaza wa muchana, mbele aanze kazi, juu jino likikauka linakuwa jeupe kwa muda na litamudanganya. Na utoshe rouge ku mudomo! Kama jino ni moya tu na jirani zake ni za manjano kidogo, ukitia jeupe sawa karatasi, batu bote watalijua hata kutoka ng'ambo ya barabara.

Mu kartiye yetu kuko mutu anatiaka jino saa moya tu, bei chini. Ubaya uko wapi?

Sitacheka mutu mwenye anaenda kule, franga ni ngumu na pengo la mbele linaumiza roho. Lakini ona kile nilishaona. Anachukua resini ya baridi, yenye inashika bila kupikwa, anaifinyanga moja kwa moja mu kinywa, na resini ikishika inatoa moto, inaunguza ufizi. Chini muko mizizi ya jino lililovunjika, hajaitosha. Anafunga na waya ku meno mawili ya jirani, haitoki tena, chakula kinaingia, kinaoza, na nyuma ya miaka michache yale meno mazima mawili yanaanza kucheza. Ulikuwa na pengo moya, sasa ni tatu. Na kidonda mu kinywa chenye kimepita majuma 2 bila kupona, kinapashwa kuonwa na dantisti, juu siku zingine ni kansa. Hata mi na masomo yangu, hiyo siwezi kukuhakikishia.

Ilikuwa inashika muzuri, sasa inacheza. Mulinitengenezea mubaya?

Hapana, mufupa umeshuka. Jino likitoka, mufupa wenye ulikuwa unalishika unaanza kupungua, zaidi mu mwaka wa kwanza. Aparei inabaki vile vile, kinywa kinabadilika. Rudi ku dantisti, achukue empranti ndani ya aparei yenyewe, tunaongeza resini upande wa ufizi, inaitwa rebazaji.

Naisafisha na nini?

Sabuni na brosi laini. Dawa ya meno inaikwaruza, maji ya moto inaipinda. Usiku uitoshe, ufizi upumue, ikae mu maji safi. Na osha juu ya beseni yenye maji, ikiponyoka isianguke ku simenti.

Na we mwenyewe, kazi haikudhuru?

Vumbi. Ya plasta, ya metali, ya seramiki, inaingia mu mapafu na haitoki. Maji ya resini nayo yanakula ngozi ya vidole. Juu ya ile navaa maski, lakini batu wakiiona wananiuliza kama naogopa Ebola.

Yule mama je?

Koli ilikuwa imekula kingo, vipande havikukutana tena. Kama angevileta vikavu, bila kitu, tungeviunga siku ileile. Nikamurudisha ku dantisti, empranti mpya, siku tano. Ku ndoa alienda bila aparei, mukono ku mudomo. Siku ya kuchukua aliniuliza swali moya tu: mahindi ya kuchoma naweza? Nikamuambia, mama, usiume na meno ya mbele, itainuka nyuma. Pukusua na vidole, tafuna pande zote mbili. Akasema, sasa hayo tena ni mahindi gani?