Kikohozi cha mnywaji: pombe inavyolegeza kinga ya mapafu

Mkoani Tanga pombe haikosekani. Pangani na Muheza kuna mnazi, Usambara kuna boha la miwa, mjini kuna bia. Na kila kipupwe kikiingia, wagonjwa huniambia kwamba pombe kali huua vijidudu vya mafua. Si kweli. Kitakasa mikono huua vijidudu kwa sababu kina alkoholi asilimia 60 au zaidi. Ndani ya damu, alkoholi ikifika asilimia 0.4 tu mtu anaweza kuzimia na kufa. Virusi hawaguswi, ila kinga yako inaguswa.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wenye afya njema waliokunywa vodka hadi wakalewa, kisha wakapimwa damu. Dakika 20 baada ya kulewa, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa kinga, ziliongezeka. Saa 2 hadi 5 baadaye, monositi (aina mojawapo ya chembe nyeupe) na chembe zinazoua seli zilizoshikwa na virusi zilikuwa zimepungua. Huo ni ulevi wa mara moja.

Kwa anayekunywa kila siku, ninachokiogopa zaidi ni mapafu. Kwenye vifuko vya hewa hukaa chembe ziitwazo makrofaji, ambazo humeza vumbi na bakteria wanaoingia na pumzi. Pombe ya muda mrefu huzimalizia glutathioni, kemikali inayozikinga zisiungue kwa sumu, basi zinabaki pale pale lakini kumeza zimeshindwa. Uboho wa mifupa nao hulegea kutoa nyutrofili wapya, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, wa kuja kusaidia. Ndiyo sababu nimonia humwangusha mlevi vibaya, na kifua kikuu vilevile: anayezidisha gramu 40 za alkoholi kwa siku ana hatari ya kuugua TB takribani mara 3 ya wengine. Gramu 40 ni chupa 2 tu za bia za mililita 500! Mnazi hauhesabiki hivyo, maana ulioshushwa asubuhi ukiwa mtamu, jioni umeshakuwa mkali. Na kilabuni watu wamebanana, madirisha madogo. Mmoja mwenye TB akikohoa, wote wanavuta hewa hiyo.

Ukikohoa kwa wiki 2, nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Matibabu ya TB ni bure. Muuguzi akiuliza unakunywa kiasi gani, tafadhali mwambie kweli, hata kama ni gongo. Hakuna atakayekushtaki. Anauliza kwa sababu dawa za TB, isoniazidi na rifampisini, husafishwa na ini, na pombe ikiongezwa juu yake ini huweza kuharibika katikati ya matibabu.

Ila mnywaji wa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata kifafa. Aje hospitali na ndugu yake mmoja, asaidiwe kuacha chini ya uangalizi huku dawa za TB zikiendelea.