Uchaguzi wa Wahotentoti: maana yake

Anayelikuta jina hili kwa mara ya kwanza hudhani Wahotentoti walipiga kura. Hawakupiga, wala hakuna aliyewauliza. "Hotentoti" ni jina la dharau ambalo Wazungu waliwabandika Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, wakiwemo Wanama wa nchi tunayoiita leo Namibia. Uchaguzi wenyewe ni ule wa Reichstag, Bunge la Ujerumani, uliofanyika tarehe 25 Januari 1907, na uliitwa hivyo kwa sababu ya vita.

Namibia ilikuwa koloni la Ujerumani, na humo Wajerumani walikuwa wakipigana na Waherero tangu Januari 1904, kisha na Wanama tangu Oktoba mwaka huohuo. Huku kwetu Maji Maji nayo ilikuwa haijazimika. Desemba 1906 Kansela Bernhard von Bülow aliomba bajeti ya nyongeza ya marki milioni 29 kwa vita vya Namibia. Zentrum, chama cha Wakatoliki, pamoja na wasoshalisti wa SPD na washirika wao, wakamnyima kwa kura 177 dhidi ya 168. Siku hiyohiyo, tarehe 13, Bunge likavunjwa. Ndivyo ufalme ule ulivyokuwa: wabunge waliweza kumkatalia Kansela fedha, ila kumng'oa hawakuweza. Aliyemteua ni Kaisari Wilhelm II, na mwenye kumwondoa ni yeye tu.

Kampeni ikageuzwa kuwa mtihani wa uzalendo, na ikafaulu kuwatoa watu majumbani: karibu asilimia 85 ya wapiga kura walijitokeza. Wote walikuwa wanaume, wa miaka 25 na kuendelea. Serikali haikuchapisha karatasi za kura. Mtu alikuja na karatasi aliyopewa na chama chake, akapokea bahasha kituoni, akaingia kwenye kituturi na kuitia humo asionekane. Bahasha na vituturi vilikuwa vimeanza kutumika mwaka 1903 tu.

Matokeo yake ndiyo yanayonifanya niupende uchaguzi huu kama mfano. SPD walipata kura nyingi kuliko mwaka 1903, kutoka milioni 3 hadi kama milioni 3.26, lakini viti vikaporomoka kutoka 81 hadi 43! Hakuna aliyewaibia. Mshindi wa jimbo alitakiwa kuvuka nusu ya kura. Asipopatikana, wawili wa juu waliingia duru ya pili. Huko vyama vya kihafidhina na vya kiliberali, vilivyoungana nyuma ya Bülow, vilipeana kura ili msoshalisti asipite. Tena mipaka ya majimbo ilikuwa ya tangu miaka ya 1870, wakati miji ilishafurika wafanyakazi. Kufikia 1912 jimbo moja pembezoni mwa Berlin lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 300,000, na Schaumburg-Lippe, kijidola kimoja kidogo ndani ya Ujerumani, kama 10,000. Kila moja mbunge mmoja.

Zentrum, waliolengwa pia, walitoka na viti 105, vitano zaidi ya awali. Kambi ya Bülow yenyewe ilisambaratika mwaka 1909 kwa ugomvi wa kodi ya urithi, naye akaondoka. Mwaka 1912 SPD walikubaliana na waliberali kupeana kura kwenye duru ya pili, wakapata viti 110.