Namba 1/50 haiipiti 43/50

Anayeanza kukusanya chapa za tashtiti, zile picha za dhihaka zinazochukua sura ya tangazo la sabuni la miaka ya 1950 na kulipachika maneno ya kuchoma, huambiwa mapema: kwenye namba kama 1/50, yaani nakala namba 1 kati ya 50, tafuta namba ndogo kabla ya mkwaju, ndiyo yenye thamani. Si kweli, ingawa imani hiyo ina asili yake.

Mchoraji Mholanzi Rembrandt alipochapa picha yake Misalaba Mitatu mwaka 1653, alikwaruza bamba la shaba kwa sindano. Mkwaruzo wa namna hiyo huacha ukingo mwembamba unaoshika wino, na ukingo huo hubonyea kila karatasi inapopita kwenye mashine. Chapa za mwanzo huwa na weusi mzito kama mahameli. Za baadaye hupauka. Hapo kuwahi kulikuwa na maana. Lakini chapa nyingi za tashtiti za leo hutolewa kwa skrini, yaani wavu wa kupenyezea wino, au kwa printa, na ya mwisho hutoka karibu sawa na ya kwanza. Isitoshe, namba huandikwa kwa penseli baada ya karatasi kukauka na kurundikwa. Iliyoandikwa 1 huenda ilichapwa ya thelathini.

Tazama namba iliyo baada ya mkwaju: 50 ni chache kuliko 500. Kisha kagua karatasi yenyewe, kama imekunjika au rangi imeliwa na jua. Ila usikurupuke kuikataa kwa umanjano au rangi zilizohama mistari. Mara nyingi msanii amevichapa makusudi. Ndiyo mzaha wenyewe.