Taa ya breki inawaka, lakini je, inaonekana?

Kila ukaguzi wa magari wa Wiki ya Nenda kwa Usalama unapokaribia, wenye magari ya zamani hutujia sisi askari wa trafiki hapa Mwanza wakiwa tayari kubishana. Peugeot 504, Land Rover 109, Volkswagen Beetle, rangi imetunzwa na injini inaita. Ukimwambia mwenye gari taa zake za breki hazifai, jibu ni lile lile: "Afande, mbona zinawaka!"

Kuwaka si kuonekana. Hili tumelisema mara nyingi na tutaendelea kulisema.

Mzee mmoja alileta 504 yake kwetu. Akakanyaga breki, nami nikasimama hatua kumi nyuma. Taa ya kushoto ilikuwa na wekundu wa kaa linalozimika. Alikuwa ameshanunua balbu mpya mara mbili. Nikachukua waya mrefu, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bati la taa. Palepale ikang'aa. Balbu haikuwa na kosa. Asi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, ndiyo iliyokuwa imeliwa na kutu. Balbu ya volti 12 ikipata volti 10.5 hubaki na takriban theluthi mbili tu ya mwanga wake.

Kwa hiyo anza na asi: fungua skrubu, piga msasa mpaka bati ling'ae, funga upya. Safisha soketi. Angalia na bakuli la ndani la taa. Likishika kutu halirudishi mwanga. Lenzi (kifuniko chekundu cha taa) iliyopauka ibadilishwe, usiipake rangi. Balbu yenye nyuzi mbili, wati 21 za breki na wati 5 za usiku, ina vipini visivyolingana kimo ili iingie upande mmoja tu. Wapo wanaoilazimisha kugeuka, na breki inabaki na wati 5. Tafadhali, hilo liishe.

Beetle na Land Rover nyingi za zamani zina swichi ya breki inayosukumwa na mafuta ya breki. Ikichoka, mguu mwepesi kwenye foleni ya Mabatini hauwashi kitu, na aliye nyuma hana habari kuwa unasimama.

Taa za LED zinasaidia kweli. Balbu ya uzi huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde kufikia mwanga wake kamili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari la nyuma limeshasogea zaidi ya mita 4. Ila chagua LED nyekundu kwa lenzi nyekundu, maana nyeupe hupoteza mwanga mwingi humo. Na ujue umeme wa gari lako kabla ya kununua LED: Land Rover za mwanzo zina chanya kwenye bodi, na Beetle za kabla ya 1967 nyingi ni za volti 6. Fundi asiyeuliza hayo asiguse gari. Taa za bluu nyuma, za kumetameta, au lenzi zilizopakwa moshi hatuzikubali.

Taa ya tatu, juu kwenye kioo cha nyuma, ninaishauri kwa moyo wote. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo ya kuanzia modeli ya 1986, na tathmini ya baadaye ikaonyesha imepunguza ajali za kugongwa nyuma kwa takriban asilimia 4. Hapa kwetu, ukitoka mjini kuelekea Igoma jioni, jua liko mgongoni. Linapiga lenzi za zamani mpaka huwezi kujua ipi imewaka.

Kuhusu adhabu, kwa kuwa maswali ni mengi: Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe katika hali salama, liwe la mwaka jana au la 1970. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000. Utapewa namba ya malipo, utalipa benki au kwa simu, na utatunza risiti. Askari hapokei fedha mkononi; akiomba, toa taarifa kituoni. Ukichelewesha malipo deni linaongezeka, na kulipa faini hakuruhusu gari kuendelea kutembea na kasoro. Rekebisha, kisha ulirudishe likaguliwe.

Mzee wa 504 alirudi siku ya pili na asi mpya pande zote mbili. Balbu zilikuwa zile zile.