Shukuruni kwa kila jambo: shukrani kama zoezi la imani la kila siku

Katika Mambo ya Walawi sura ya 7 imo sheria ambayo wengi huipita upesi. Mwisraeli aliyetoa sadaka ya amani kwa ajili ya shukrani alileta mnyama, na pamoja naye mikate ya namna mbalimbali: isiyotiwa chachu iliyochanganywa na mafuta, mingine myembamba iliyopakwa mafuta, mingine ya unga mwembamba uliolowa mafuta, na juu ya hiyo mikate iliyotiwa chachu. Mmoja wa kila namna ulikuwa wa kuhani. Nyama ililiwa siku iyo hiyo, isibaki hata kidogo mpaka asubuhi. Sadaka ya nadhiri au ya hiari iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake. Ya shukrani haikuruhusiwa.

Andiko halitaji sababu, lakini matokeo yake ni rahisi kuyaona. Nyumba moja haiwezi kummaliza mnyama mzima kwa siku moja. Ilibidi watu waalikwe, na aliyealikwa lazima ataulizia: kuna nini leo? Hapo mwenye sadaka alieleza Mungu alimtendea nini. Ndivyo pia Zaburi ya 116 inavyosema: "Nitakutolea dhabihu ya kushukuru," kisha inaongeza kuwa haya yatafanyika mbele ya watu wake wote.

Tunaanzia hapa kwa sababu kosa kubwa la waumini kuhusu shukrani ni kuisubiri ije kama hisia. Moyo ukichangamka wanashukuru, moyo ukipoa wananyamaza, wakidhani kushukuru bila kusikia kitu ndani ni unafiki. Biblia inaifundisha shukrani kama tendo lenye siku yake, kitu chake na watu wake. Hisia mara nyingi hufuata nyuma, na pengine hukawia. Hata neno lenyewe linafundisha: kwa Kigiriki cha Agano Jipya shukrani ni eukaristia, na ndani ya neno hilo limo neno karis, yaani neema. Kanisa la kwanza lililitumia neno hilo hilo kwa mkate na kikombe cha Bwana. Justin Martyr, mwalimu Mkristo aliyeandika Roma kwenye mwaka 155 hivi, anasema chakula hicho huitwa Eukaristia. Kwa hiyo Mkristo anayejizoeza kushukuru nyumbani anaendeleza kile kile kinachofanyika mezani pa Bwana.

Dakika kumi za jioni

Danieli alikuwa na nyakati zake tatu za sala kwa siku, na kitabu chake (6:10) kinasema wazi kwamba aliomba na kushukuru "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo". Amri ya mfalme ya kukataza maombi ilipotoka, mazoea yalikuwa yamekwisha kujengeka. Anayeanza hahitaji nyakati tatu. Wakati mmoja unatosha, mradi uwe umefungamana na jambo ambalo tayari hulikosi, kama vile kabla ya kulala au mara baada ya chakula cha jioni. Ukisema "nitashukuru nikipata nafasi", nafasi haitapatikana.

Chukua daftari na kalamu. Kaa kimya dakika moja, kisha isemee nafsi yako mstari wa pili wa Zaburi ya 103: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Angalia kwamba mwimbaji anaiamuru nafsi yake. Anajua itasahau.

Halafu ipitie siku yako saa kwa saa tangu ulipoamka. Usipite kwa mada, yaani afya, familia, kazi, kwa sababu mada huleta majibu yale yale kila jioni. Saa huleta mambo yaliyotokea kweli. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika mazoezi yake ya kiroho yaliyochapishwa mwaka 1548, aliweka hatua tano za kujichunguza, na ya kwanza kabisa ni kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Kuomba nuru ya kuzijua dhambi ni hatua ya pili. Mpangilio huo una hekima kubwa. Mtu anayeanza na dhambi zake hujitazama mwenyewe mpaka mwisho wa sala, ama kwa kujihukumu ama kwa kujitetea. Aliyekwisha kuona alivyotendewa wema anaweza kuungama bila hofu, kwa maana anajua anasema na nani.

Andika mambo matatu tu. Kila moja liwe sentensi kamili inayomwelekea Mungu na kutaja kitu chenyewe, mtu ambaye kwa mkono wake kilikufikia kama yupo, na hitaji lako lililoguswa. "Asante kwa familia yangu" ni kweli, lakini imefunga macho. Linganisha na hii: "Nakushukuru, Bwana, kwa kuwa leo alasiri dada yangu alinisikiliza nusu saa nzima bila kunikatiza, nilikuwa nimebeba neno hilo tangu juzi, nawe ulijua." Sentensi ya kwanza ungeweza kuiandika bila kuishi siku ya leo. Ya pili haiwezekani. Ukikwama, punguza ukubwa wa unachotafuta: maji uliyokunywa ukiwa na kiu, maumivu yaliyotulia kwa saa moja, mlango uliofunguliwa ukiwa umeshika mizigo.

Zisome kwa sauti, hata ya chini. Kisha maliza kwa kuchagua tendo moja litakalofanyika kabla ya jioni ijayo: kumshukuru mtu kwa jina na kwa jambo, au kumgawia mwingine sehemu ya ulichopokea. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyo karibu zaidi na ile nyama isiyobaki mpaka asubuhi. Waebrania 13:15-16 inaunganisha dhabihu ya sifa na kutenda mema na kushirikiana, katika pumzi moja. Mgonjwa anayemshukuru Mungu kwa kupona na asimwambie neno aliyemuuguza hajamaliza kushukuru.

Mara moja kwa wiki, soma kurasa za siku saba zilizopita kabla ya kwenda ibadani. Hapo utaona mambo ambayo siku moja haionyeshi: mtu yule yule anatajwa mara nne, au ombi la mwezi uliopita lilijibiwa na hukuliona likijibiwa. Nenda nayo ibadani ukiyakumbuka.

Neno dogo "kwa"

"Shukuruni kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu." Mstari huu wa 1 Wathesalonike 5:18 umewafariji wengi, na umewaumiza wengine vibaya sana, kwa sababu ya neno "kwa". Katika Kiswahili "kwa" linaweza kumaanisha "kwa sababu ya", nalo linaweza kumaanisha "katika". Mama aliyefiwa na mtoto anaambiwa ashukuru kwa kila jambo, naye anasikia: mshukuru Mungu kwa sababu mtoto wako amekufa. Mtume hakuandika hivyo. Kigiriki chake kinatumia neno en, "katika": katika kila hali, shukuruni.

Waefeso 5:20 ni mgumu zaidi, na si haki kuuficha. Humo Paulo anasema kumshukuru Mungu "kwa mambo yote", na neno la Kigiriki ni huper, "kwa ajili ya". Lakini katika sura iyo hiyo, mistari tisa nyuma, amewaagiza wasishirikiane na matendo ya giza bali wayakemee. Mtu hawezi kukemea jambo na kumshukuru Mungu kwalo kana kwamba ni zawadi yake. "Mambo yote" ni yote yatokayo mkononi mwa Baba, pamoja na yale mema anayoyatoa ndani ya maovu ambayo si yeye aliyeyafanya.

Yesu mwenyewe ametuonyesha tofauti hii. Usiku ule aliotolewa alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Alishukuru usiku wa usaliti, akiwa ameshika mkate. Hatusomi kwamba aliushukuru usaliti. Paulo naye, katika Matendo 27, baada ya siku kumi na nne za tufani baharini, alitwaa mkate akamshukuru Mungu mbele ya watu wote, na ndani ya merikebu walikuwamo watu 276. Dhoruba ilikuwa bado haijatulia, wala hakuisifu. Alishukuru kwa kilichokuwamo mkononi, na wale wengine wakachangamka wakala.

Kwa hiyo aliye katika msiba asilazimishwe kuandika mambo matatu. Zaburi za maombolezo zipo kwa ajili yake. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye wimbo, na Zaburi ya 88 haifiki kabisa: inaishia gizani, na bado ni sala iliyomo katika Maandiko Matakatifu. Kuomboleza mbele za Mungu ni kuendelea kusema naye, na anayesema naye hajamkana. Kinachowezekana wiki za kwanza ni jambo moja dogo kwa siku, na siku nyingine hakuna. Anayemtembelea mfiwa anyamaze kuhusu kushukuru. Akae, asikilize, alete chakula.

Kuna jambo lingine tunalolisema kwa uzito. Anayepigwa au kunyanyaswa nyumbani asiambiwe ashukuru kwa ndoa yake au kwa mzazi wake. Anahitaji usalama na msaada wa wenye mamlaka. Na mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi hawezi kufurahia chochote, usingizi umevurugika na matumaini yamekatika, huenda ni mgonjwa wa sonona. Apelekwe kwa mhudumu wa afya huku kanisa likiendelea kumwombea. Daftari la shukrani halitibu ugonjwa huo, na kumwambia kuwa hana shukrani kutamwongezea mzigo wa hatia.

Inapoharibikia

Ipo shukrani iliyoandikwa katika Injili ili tuiogope. Farisayo wa Luka 18 alisali: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Kila neno la sala yake linaanzia kwa Mungu na kuishia kwake mwenyewe. Sisi huifanya kwa upole zaidi: tunawaona wenye shida na kusema asante hatuko kama wao. Ipime hivi: je, jirani yako angeweza kuisikia sala hiyo bila kudhalilika? Kama hawezi, ifute, uandike ulichopewa bila kumtaja aliyekosa.

Nyingine ni kuigeuza shukrani kuwa malipo. Mtu anahesabu alichopokea, anaona deni, anaanza kuhangaika kulilipa kwa sadaka na huduma mpaka anachoka na kumwona Mungu kama mdai. Zaburi ya 116 inauliza swali hilo hilo: "Nimrudishie Bwana nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?" Jibu linashangaza: "Nitakipokea kikombe cha wokovu." Mwimbaji anajiuliza arudishe nini, naye anajibu kwa kupokea tena. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, iliijenga sehemu yake ya tatu nzima juu ya shukrani, na humo ndimo ilimoziweka Amri Kumi na Sala ya Bwana, baada ya kueleza wokovu. Mpangilio huo unatibu ugonjwa huu: utii unakuja baada ya kupokea, wala haununui kitu.

Jirani wa kosa hilo ni kushukuru ili upate zaidi. Wapo wanaofundishwa kwamba sadaka ya shukrani ikiwa kubwa, baraka ijayo itakuwa kubwa. Hiyo ni biashara, na maskini ndiye anayeumia nayo. Viongozi wa makanisa wasitaje viwango vya sadaka za shukrani hadharani.

Kuna na ukavu. Baada ya wiki chache za bidii, sentensi zinaanza kufanana na mkono unaandika peke yake. Hilo ni la kawaida, si dalili ya kurudi nyuma kiimani. Badilisha njia kwa wiki moja: acha daftari na usali Zaburi ya 136, ambayo katika mistari yake 26 inarudia "kwa maana fadhili zake ni za milele", taja tukio la maisha yako, kisha itikia kwa maneno hayo. Au andika barua moja kwa mtu mmoja badala ya mambo matatu kila siku.

Mbele ya kusanyiko

Ushuhuda kanisani ni shukrani iliyopata watu wake, lakini mara nyingi hupotea njia kwa kuwa mrefu au kwa kumfanya msemaji kuwa shujaa. Zaburi ya 107 ina muundo mzuri wa kuufuata. Inawaleta makundi manne, waliopotea nyikani, wafungwa, wagonjwa na wasafiri wa baharini, na kila kundi linapita njia ile ile: walikuwa na shida gani, wakamlilia Bwana, akawaokoa, basi na wamshukuru. Dakika tatu zinatosha. Sehemu ya shida iwe fupi kuliko sehemu ya msaada, na siri za wengine zisitajwe bila ruhusa yao. Binti aliyerudi nyumbani huenda hataki kusanyiko zima lijue alikokuwa.

Ukikosa siku tatu za daftari, usikae kuzifidia. Anza na saa za leo.