720,720: namba yenye vigawo vingi kuliko zote zilizo chini yake

Muuza maembe wa sokoni Tabora mwenye maembe 60 anaweza kuyapanga chini mafungu ya mawili mawili, matatu matatu, manne manne, matano matano au sita sita, na kila mara fungu la mwisho likatimia. Akiongeza embe moja tu, yakawa 61, hakuna fungu litakalokubali, kwa sababu 61 ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 60 ni kigawe kidogo cha shirika cha 1 hadi 6, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila mojawapo ya hizo bila baki. Hesabu hiyohiyo ikiendelezwa hadi 16, jibu ni 720,720.

Kuipata hakuhitaji kuzidisha namba zote kumi na sita, kosa ambalo wanafunzi hulirudia na kuishia na jibu kubwa mno. Kila namba tasa huchukuliwa kwa wingi unaodaiwa na namba moja tu: 2 huchukuliwa mara nne kwa ajili ya 16, 3 mara mbili kwa ajili ya 9, kisha 5, 7, 11 na 13 mara moja moja. Namba kama 12 au 14 hazidai kitu kipya, kwa maana zimekwisha kulipiwa na wenzao. Sasa, 16 × 9 × 5 ni 720, na 7 × 11 × 13 ni 1,001. Na kila namba ya tarakimu tatu ikizidishwa kwa 1,001 hujiandika mara mbili. Ndiyo sababu 720 imejirudia, na ndiyo sababu hata 345,345 lazima igawanyike kwa 7, 11 na 13.

Vigawo vya 720,720, yaani namba zinazoigawa bila baki, ni vingapi? Kila kigawo huundwa kwa kuchagua kiasi cha 2 (kuanzia sifuri hadi nne, njia 5), kiasi cha 3 (njia 3), na kuamua kuchukua au kuacha kila moja ya nne zilizobaki (njia 2 kila moja). Zao lake ni 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 240. Hakuna namba ndogo zaidi inayofikisha idadi hiyo. Inayoikaribia, 665,280, ina 224. Namba za aina hii zilichunguzwa kwa kina na mwanahisabati Mhindi Srinivasa Ramanujan katika andiko lake la mwaka 1915.

720,720 ikigawanywa kwa 17, hubaki 5. Hata hivyo 18 na 20 zinaigawa bila kuombwa.

Sifa inayonipendeza zaidi haitajwi sana: 849 × 849 ni 720,801, ambayo inaizidi namba yetu kwa 81, na 81 ni 9 × 9. Kwa hiyo 720,720 ni (849 − 9) × (849 + 9), yaani 840 × 858, na hiyo 840 nayo ni kigawe kidogo cha shirika cha 1 hadi 8.