Ufa una fungu lake, ukuta una lake

Wiki iliyopita, baada ya mkutano wa wakazi, mama mmoja alinisubiri nje hadi watu wote walipotawanyika. "Mheshimiwa diwani," akaniambia kwa upole, "fedha za kujenga uwanja wa watoto mmepata. Za kufukia shimo lililo mbele ya mlango wangu mnasema hamna. Nimelifikiria jambo hili usiku kucha sijalielewa. Si ni fedha za jiji hilo hilo?"

Nilimjibu kwa kifupi pale pale, lakini swali lake linastahili zaidi ya jibu la njiani. Rasimu ya bajeti iko mezani kwa baraza sasa hivi, kwa hiyo nimjibu hapa kwa urefu, yeye na wengine wengi wenye swali kama lake.

Ndiyo mama, ni fedha za jiji hilo hilo. Ila hazikai mfuko mmoja.

Bajeti ya jiji kwa kawaida ina sehemu mbili. Ya kwanza ni matumizi ya kawaida: mishahara, umeme wa taa za barabarani, mafuta ya magari ya taka, kuzibua mitaro, kuweka viraka barabarani. Ya pili ni matumizi ya maendeleo: barabara mpya, jengo jipya, daraja jipya. Sehemu ya kwanza hutegemea kodi na ada zinazokusanywa mwaka huo huo. Ya pili inaweza kupata mkopo wa miaka mingi, au ruzuku kutoka serikali kuu. Uingereza, kwa mfano, sheria inaziruhusu halmashauri kukopa kwa ajili ya kujenga, lakini si kwa ajili ya kuendesha shughuli za kila siku. Na ruzuku ikishakuja na jina la uwanja wa watoto, ni ya uwanja wa watoto. Mweka hazina akichota hata kidogo kwenda kufukia shimo, mkaguzi wa hesabu atamwandikia hoja, na mkaguzi atakuwa na haki.

Sote tumekua tukiambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninaiamini methali hiyo, lakini ilitungwa kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba huziba ufa na kujenga ukuta kwa fedha ile ile, inayotoka mkononi mwake, kwa hiyo akizembea anajiumiza mwenyewe na anajua. Jiji halina mkono mmoja. Ufa hulipiwa na matumizi ya kawaida, yaliyobanwa kila upande. Ukuta hulipiwa na matumizi ya maendeleo, ambayo yana mkopo, ruzuku, jiwe la msingi na utepe wa kukata. Jiji linaloacha ufa na kungoja ukuta, mara nyingi halifanyi hivyo kwa upumbavu. Linafuata njia ambayo fedha imelichorea. Njia hiyo ndiyo ninayotaka tuibadilishe mwaka huu.

Tazameni jinsi matengenezo yanavyopoteza fedha. Mwanzoni mwa mwaka wa fedha tunapitisha makisio ya mapato. Katikati ya mwaka, makusanyo yakiwa chini ya makisio, kamati ya fedha inaitwa haraka na inaambiwa ipunguze. Ipunguze wapi? Mishahara haiguswi, watu wameajiriwa na wana familia. Riba ya mikopo haiguswi, kuna mkataba. Ruzuku zenye masharti haziguswi. Ukiondoa hivyo vyote, kinachobaki mezani ni kasma chache, yaani mafungu ya bajeti, zisizo na mwenyewe, na kubwa kati ya hizo ni matengenezo. Mtaro hauji kwenye kikao kulalamika. Mwaka huu haujaziba, au umeziba nusu, na maji bado yanapita.

Mwaka jana tulikaa kwenye kikao cha namna hiyo, na mimi nilinyoosha mkono kukubali kasma ya mitaro ipunguzwe. Nilijiambia ni kwa miezi michache tu. Nalisema waziwazi kwa sababu wakazi walionichagua wana haki ya kujua kura yangu ilikwenda wapi, na kwa sababu nilichokiona baadaye kimenibadilisha.

Niliongozana na fundi wa mitaro, mzee aliyefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko niliyokaa mimi kwenye siasa. Aliingiza mtaimbo pembeni mwa wavu wa chuma, akaunyanyua, akaniita nisogee. Mchanga ulikuwa umepanda hadi karibu na mdomo wa mtaro. Juu yake chupa za plastiki, matawi na mifuko vilikuwa vimefumana kama kiota. Akachomeka mtaimbo kwenye ule mchanga. Ulizama kiasi cha kiganja kimoja ukagoma. "Mheshimiwa, humu mtu mzima alikuwa anasimama, zege linamfika kifuani," akasema. Kisha akanyoosha kidole mita chache mbele, kwenye shimo. Lilikuwa shimo la yule mama.

Akanieleza kwa maneno machache kile ambacho wahandisi wetu hukieleza kwa kurasa nyingi. Barabara ya lami inaharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Maji yaliyokosa mtaro hukaa juu ya lami, yanatafuta ufa mwembamba, yanaingia, yanalowesha tabaka la kokoto na udongo lililo chini. Tabaka likilowa linalegea. Gari likipita, lami inanesa kidogo, ufa unapanuka, maji zaidi yanaingia. Kwa miaka kadhaa barabara huonekana nzima, halafu inaporomoka kwa msimu mmoja wa mvua. Ufa ule ungezibwa mapema kwa kumimina lami ya moto, kazi ya vibarua wachache na siku moja. Sasa inabidi kukata, kuchimba, kushindilia upya na kumwaga lami mpya. Na hapo ndipo kazi inapohama kutoka kasma ya matengenezo na kuwa mradi.

Mfano unaonikaa kichwani ni wa daraja la Fern Hollow katika jiji la Pittsburgh, Marekani. Lilikuwa mali ya jiji. Tarehe 28 Januari 2022, kabla ya saa moja asubuhi, lilianguka bondeni na magari yaliyokuwa juu yake, likiwemo basi. Watu walijeruhiwa, lakini hakuna aliyekufa. Bodi ya taifa ya kuchunguza ajali za usafiri ilitoa matokeo yake mwaka 2024. Chuma cha daraja hilo kilikuwa cha aina inayojitengenezea utando wa kutu unaokikinga, ila utando huo huhitaji chuma kipate kukauka. Mifereji ya kutoa maji juu ya daraja ilikuwa imeziba. Maji yakawa yanateremka kwenye miguu ya daraja pamoja na chumvi ya kuyeyushia barafu, uchafu ukarundikana pale chini, chuma kikabaki na unyevu hadi kikaliwa. Wakaguzi walikuwa wameliandika jambo hilo mara kwa mara kwa miaka mingi, na tangu 2011 daraja lilikuwa limeorodheshwa kuwa katika hali mbaya. Walichopendekeza kilijumuisha kazi za kawaida kabisa: zibueni mifereji, safisheni miguu. Hayakufanyika.

Daraja jipya lilifunguliwa Desemba 2022, mwaka ule ule lilipoanguka la zamani, kwa fedha za serikali kuu zilizozidi dola milioni 25. Mfereji ulikosa wa kuuzibua kwa miaka, na daraja zima likapatikana ndani ya mwaka mmoja. Sisemi hivi kuwalaumu madiwani wenzangu wa mbali. Ninaiona njia ile ile ya fedha, na mimi nimeshapita humo.

Wala si jambo la juzi. Desemba 1973, jijini New York, sehemu ya barabara ya juu ya West Side ilikatika lori likiwa linapita. Lori hilo lilikuwa limebeba lami ya kukarabati barabara hiyo hiyo. Mwaka 1975 jiji hilo lilikaribia kufilisika, likabana matumizi, na Aprili 1988 daraja la Williamsburg likafungwa kwa magari na treni baada ya ukaguzi kukuta kutu imelila vibaya.

Wengine mmeniandikia mkitaka wakazi wapewe sehemu ya bajeti waiamue wenyewe kwa kura. Nakubaliana nanyi. Porto Alegre, Brazili, walianza mwaka 1989, na wananchi walipoulizwa hawakuchagua makuu, walichagua mabomba. Kaya zilizounganishwa na maji na majitaka zilipanda kutoka asilimia 75 mwaka 1988 hadi asilimia 98 mwaka 1997. Lakini angalieni kifungu cha fedha kabla ya kushangilia. New York ilipoanza utaratibu kama huo mwaka 2011, katika majimbo 4 ya madiwani, fedha za kupigia kura zilikuwa kwa sehemu kubwa za miradi ya ujenzi. Mkazi anaweza kuupigia kura uwanja wa michezo, asiweze kumpigia kura atakayeufagia na kukaza boliti za bembea. Tukifanya hapa kwetu, nitaomba kura ihusu na matengenezo pia, tena kwa orodha: mtaro gani, barabara ipi, taa zipi.

Sasa nilichopeleka kwenye kamati ya fedha. La kwanza limekubaliwa: kila andiko la mradi mpya lazima litaje gharama ya kuutunza kwa mwaka na kasma itakayobeba gharama hiyo. Uwanja wa watoto ndio wa kwanza kupita kwenye kipimo hicho, na umepita, kwa sababu idara imeonyesha mtunzaji atalipwa kutoka wapi. La pili, rejista ya mali za jiji inayoonyesha hali ya kila kitu na si thamani ya kununulia peke yake, limekubaliwa kwa kuanzia na madaraja na makalavati. La tatu limekataliwa. Niliomba kasma ya matengenezo isihamishwe katikati ya mwaka bila kura ya baraza zima mbele ya wakazi. Wenzangu walisema itawafunga mikono siku ya dharura. Hoja yao ina uzito, nimeisikiliza, na nitairudisha yangu ikiwa na kifungu cha dharura ndani yake.

Machache mengine. Ombi la kuongeza saa za maktaba jioni liko kwenye rasimu, na kwa kuwa ni mishahara tupu, linasimama au kuanguka na makisio ya mapato. Taa zilizozimika mtaeleza nguzo kwa namba iliyobandikwa juu yake, inaokoa safari nzima ya fundi.

Kwenye kikao cha kupokea maoni, anayetaka kusema anaandikisha jina mlangoni, na muda ni mfupi. Mkija, msiniletee "barabara zetu mbovu", kwa sababu maneno hayo hayana mahali pa kuandikwa kwenye bajeti. Nileteeni jina la barabara, ilipoharibika, na tangu lini. Picha yenye tarehe ni bora kuliko hotuba.

Mtaro ule umezibuliwa. Shimo la mama bado liko wazi, limewekewa kifusi kwa muda, na kufukiwa kwake kumo kwenye rasimu chini ya matengenezo ya barabara, mstari mmoja mfupi katikati ya ukurasa. Nimemwonyesha. Nimemwambia pia kwamba hadi kura ya mwisho ipigwe, mstari huo bado unaweza kufutwa, na ameniambia atakuja kukaa mbele.